Namna ya kuandaa mahubiri ya Jumapili kutoka andiko moja: mwongozo kamili kwa mzee wa kanisa, mwinjilisti na kiongozi wa vijana

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wengi wenu mnanitumia rekodi za mahubiri kwenye WhatsApp mkiuliza mbona watu wanasinzia, mbona baada ya ibada hakuna anayekumbuka kitu, mbona nimefunga na kuomba lakini madhabahuni maneno yanaisha. Nimezisikiliza, na karibu zote zina shida ileile. Andiko linasomwa dakika moja afu linaachwa palepale, mhubiri anaanza kuruka, mara Isaya, mara Ufunuo, mara kisa cha mtandaoni, mara mwambie jirani yako, na mpaka anasema amina hakuna hata mmoja anayeweza kusema lile andiko la mwanzo lilikuwa linasema nini.

Hii kitu inaniuma kwa sababu moja. Kuna mama anatembea saa nzima kuja kanisani, kafungua kibanda chake wiki nzima, Biblia nyumbani hasomi maana miwani hana au kusoma kunampa shida, na neno la Mungu analolipata ni lile lile la Jumapili basi. Warumi 10:17 inasema imani chanzo chake ni kusikia. Sasa asiposikia Neno, akasikia kelele tu, atashikilia nini Jumatano mtoto akiugua?

Kwa hiyo tuingie kazini. Fuata hatua kwa mpangilio wake, usiruke, hasa ya 2 na ya 3.

## Vitu vya kuwa navyo

- Biblia mbili za tafsiri tofauti. Union Version ndo wengi tunayo, ongeza Habari Njema au nyingine ya Kiswahili rahisi. Ya kwenye simu inatosha.
- Daftari na kalamu. Sio simu, maana simu itakuletea meseji katikati ya Neno.
- Masaa kama sita, yaliyogawanywa Jumatatu mpaka Jumamosi. Lisaa limoja kila siku linatosha kabisa kwa mtu mwenye kazi zake.
- Simu yenye uwezo wa kurekodi sauti.
- Mtu mmoja mkweli, mke, mume, rafiki, ambaye hataogopa kukwambia hajaelewa.
- Kalenda ya masomo kama dhehebu lenu linayo. Walutheri, Waanglikana na Wamoraviani mna bahati hapo, somo mmeshapangiwa.

Huhitaji kujua Kigiriki. Huhitaji laptop. Na huhitaji sauti ya kukwaruza.

## Hatua ya 1: Shika andiko moja Jumatatu, na ulishike zima

Chagua kipande chenye mwanzo na mwisho, sio mstari mmoja. Kwenye mwongozo huu ntatumia Wafilipi 4:10-20 kama mfano, kwa sababu ndani yake kuna mistari miwili tunayoibandika kwenye vioo vya daladala na kwenye status bila kujua imetoka wapi: ule wa 13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", na ule wa 19, Mungu wangu atawajazeni kila mnachokihitaji.

Sababu ya kuchukua kipande kizima: mwandishi alikuwa na jambo analisema, ukikata mstari mmoja unabaki na maneno yake ila umelitupa jambo lake.

Tahadhari: usianze na kichwa cha somo. Ukishaandika juu ya ukurasa "Mwaka wako wa kuvuka" basi hata usome Mambo ya Walawi utaona kuvuka tu. Kichwa kinakuja mwishoni.

Utajua umefanikiwa ukiweza kueleza kwa nini kipande kinaanzia pale na kuishia pale. Hapa ni rahisi: mstari wa 10 Paulo anaanza kushukuru kwa msaada aliotumiwa, mstari wa 20 anafunga kwa utukufu kwa Mungu na kusema amina. Ndani ya hapo ni shukrani tupu.

## Hatua ya 2: Soma kwa sauti mpaka maswali yaje yenyewe

Omba kwanza, omba kweli. Afu soma. Maombi hayachukui nafasi ya kusoma na kusoma hakuchukui nafasi ya maombi, na mimi nasikitika sana nikisikia mtumishi anasema "Roho atanipa nikifika pale" kama vile Roho hawezi kumpa kitu Jumanne akiwa na daftari mkononi.

Soma kipande chote kwa sauti, mara kumi kama unaweza, leo tafsiri hii kesho ile. Kila kinachokushangaza kiandike kama swali. Usijibu bado. Kwenye Wafilipi 4 maswali yanaweza kuwa hivi:

- Paulo yuko wapi anapoandika haya?
- Msaada gani wametuma, nani kauleta?
- Kwa nini kabla ya "nayaweza mambo yote" anaongelea njaa?
- Kama anayaweza mambo yote, mbona mstari wa 14 anasema mlifanya vema mliposhiriki nami katika dhiki yangu?
- Mstari wa 19 anaambiwa nani?

Sababu: maswali yako ndo maswali ya watu wa kwenye mabenchi. Swali usilojiuliza wewe hutalijibu kwao.

Tahadhari kubwa: wiki hii usifungue YouTube kumsikiliza mhubiri mwingine kwenye andiko hili kabla hujamaliza hatua ya 4. Ukimsikiliza mapema kichwa chako kinajaa sauti yake, na waumini wanajua, wanakusikia unakohoa kama yeye mpaka ile "halooo" yake.

Mafanikio hapa: una maswali matano au zaidi, na ukifumba macho unaweza kusimulia kipande chote bila kutazama.

## Hatua ya 3: Jibu maswali kwa Biblia yenyewe

Hapa ndo wengi wanapoanguka, na hapa ndo utamu ulipo, kwa hiyo tukae kidogo.

Anza na kitabu hichohicho. Soma Wafilipi yote, ni sura nne tu, unaimaliza kabla chai haijapoa. Sura ya 1 mstari wa 13 unakutana na vifungo, kumbe Paulo ni mfungwa. Sura ya 2 kuanzia mstari wa 25 unakutana na Epafrodito, mtu aliyetumwa na kanisa la Filipi kumhudumia Paulo, akaugua huko mpaka akawa karibu na kufa. Sura ya 4 mstari wa 18 unaona huyohuyo Epafrodito ndo aliyebeba msaada wao.

Afu nenda nje ya kitabu, kule kanisa lilikoanzia. Matendo 16. Lidia muuza rangi ya zambarau anaamini pale mtoni, Paulo na Sila wanapigwa bakora na kufungwa, usiku wa manane wanaimba, askari wa gereza anaokoka na nyumba yake. Hao ndo Wafilipi! Watu waliomjua Paulo tangu akiwa na mgongo wenye majeraha, ndo haohao wanamtumia msaada tena akiwa kifungoni. Na zamani zile mfungwa wa Warumi alikuwa anategemea sana ndugu na marafiki kwa chakula na mahitaji, sio kwamba serikali inampikia vizuri.

Sasa rudi kwenye mstari wa 13 uone ulivyobadilika. Mistari miwili kabla yake Paulo kasema amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo, amefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Hayo ndo "mambo yote" yenyewe. Hajasema naweza kupata kila ninachotaka, anasema naweza kusimama nikiwa nacho na nikiwa sina, kwa sababu Kristo ananitia nguvu. Mtu aliyeijua njaa, tena yuko kifungoni, ndo anasema hivyo. Ukiliona hili, hutaweza tena kulihubiri kama andiko la kushinda tenda.

Na angalia ule wa 14, huo unapitwa sana. Palepale alipomaliza kusema anayaweza mambo yote anasema "lakini mlifanya vema". Nguvu ya Kristo haikumfanya awadharau ndugu zake. Anazo nguvu za kuvumilia njaa, na bado anafurahia msaada waliomtumia, na anauita manukato, sadaka inayompendeza Mungu.

Hivyo na mstari wa 19 unajulikana wa nani. Ahadi ile wanaambiwa watu waliotoa kwa ajili ya mwenzao aliyefungwa, wakatoa tena na tena tangu akiwa Thesalonike. Haijaja kama bei ya muujiza.

Ukishamaliza mwenyewe ndo ufungue kitabu cha maelezo, au umpigie mchungaji wako aliyesoma, umuulize yale yaliyobaki. Kuuliza sio aibu hata kidogo.

Tahadhari: usiseme "kwa Kigiriki cha asili neno hili maana yake ni..." kama Kigiriki hujasoma. Sema unachokijua.

Mafanikio: kila swali la hatua ya 2 lina jibu lenye sura na mstari pembeni. Lisilo na jibu lifute kwenye mahubiri, usilibahatishe.

## Hatua ya 4: Andika sentensi moja

Sentensi moja, sio pointi saba. Inabeba andiko lote. Kwa mfano wetu: *Kristo anawatia watu wake nguvu ya kusimama wakiwa na shibe na wakiwa na njaa, na huwafanya washirikiane dhiki zao.*

Ntakuambia kwa nini naling'ang'ania hili. Mtu anayerudi nyumbani hawezi kubeba pointi saba zinazoanza na herufi K. Anabeba kitu kimoja. Usipokichagua wewe atachagua mwenyewe, na mara nyingi atachagua kile kichekesho.

Ijaribu sentensi yako hivi: je inaweza kutoka kwenye andiko lingine lolote? "Mungu ni mwema" inatoka popote, kwa hiyo bado hujafika. Endelea kuichonga. Afu mwambie mtoto wa darasa la tano, akielewa, umepata.

## Hatua ya 5: Waweke watu wako mbele ya andiko

Chukua ukurasa mpya uandike watu wanne au watano wa aina unayowaona kanisani, bila majina. Kijana aliyemaliza chuo na mpaka leo anazunguka na bahasha. Mama ambaye Januari ana ada za watoto watatu. Mfanyabiashara ambaye mwaka huu mambo yamemnyookea. Mjane. Mgeni aliyeletwa na jirani na hajui hata Wafilipi iko upande gani.

Kila mmoja muulizie: andiko hili linamwambia nini huyu? Kijana anaambiwa kwamba kukosa kwake sio dalili kwamba Kristo kamuacha, Paulo naye alikosa. Mfanyabiashara mara nyingi tunamsahau, wakati andiko limesema wazi hata kushiba kunahitaji kufundishwa, na kwamba kuna mtu dhiki yake inamsubiri yeye. Mama wa ada naye... hapa kuwa mwangalifu, usimwambie tu avumilie huku kanisa limekaa kimya, maana andiko linawataka wenzake washiriki dhiki yake.

Tahadhari mbili. Usimseme mtu. Mkigombana kwenye kamati Alhamisi, Jumapili sio mahali pa kumjibu, watu wote wanajua unamlenga nani na Neno linageuka fimbo. Na siri ya mtu aliyekuja kuombewa haigeuki kuwa mfano, hata ukificha jina, maana mtaa ni mdogo.

## Hatua ya 6: Panga mwendo

Mwanzo, uwe mfupi. Salamu za mchungaji, salamu za mke, "sikujiandaa lakini Bwana ataniwezesha", hayo yote yanakula dakika ambazo watu bado wana masikio mapya. Ingia moja kwa moja na swali linalowagusa, mfano: hivi yule aliyeandika "nayaweza mambo yote" alikuwa na nini mfukoni siku ile?

Kati, fuata mwendo wa andiko lenyewe. Kwetu ni mistari 10 mpaka 13, Paulo na kuridhika kwake. Afu 14 mpaka 18, kanisa linaloshiriki dhiki. Afu 19 na 20, Mungu anayejaza mahitaji na kupewa utukufu. Sehemu tatu, zimetoka humohumo, na muumini mwenye Biblia anaweza kukufuata kwa kidole. Nehemia 8:8 ndo walivyofanya, walisoma kwa sauti ya kusikilika, wakaeleza maana yake, watu wakafahamu.

Mfano mmoja kwa kila sehemu unatosha. Uwe wa kweli na wa kwao: michango ya msiba ya mtaani, kibubu cha akina mama, mavuno yaliyokauka. Kisa cha "kulikuwa na tajiri mmoja huko Marekani" ambacho hujui kilitokea au hakikutokea, kiache. Mhubiri akidanganya kwenye mfano, kwa nini aaminiwe kwenye andiko?

Na jiulize Kristo yuko wapi ndani ya mahubiri haya. Ukiona umemaliza kurasa zote na ujumbe ni "jitahidini mfanane na Paulo", rudi nyuma. Siri ya Paulo haikuwa moyo mgumu, ilikuwa "katika yeye".

Mwisho, wito uwe wa kitu kinachofanyika. Badala ya "tubadilike wapendwa" sema: wiki hii, kwenye jumuiya yako, mtafute mtu mmoja aliye katika dhiki na ushiriki naye, iwe unga kilo mbili, iwe kumtembelea mahabusu.

## Hatua ya 7: Chuja kabla hujasimama

Soma ulichoandika chote na kwenye kila ahadi jiulize, andiko limeahidi hili au mimi ndo nimeahidi?

Hapa naomba tusikilizane vizuri. Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa kwenye msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka 2023 kwenye msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wengi wao wakihusishwa na mafundisho ya kufunga kula ili wakutane na Yesu. Waliokwenda kule waliamini kilichosemwa na mtu aliyeshika Biblia. Kwa hiyo neno la madhabahuni haliendi bure.

Usimwambie mtu aache dawa. Sio ARV, sio za kifua kikuu, sio za kisukari wala presha. Mwombee, afu aendelee na kliniki. Usitaje kiasi cha pesa kama mlango wa baraka. Usiseme "Mungu ameniambia" kwenye jambo ulilolifikiria mwenyewe bafuni.

Mafanikio: mtu mwenye Biblia wazi akikufuata kama wale Waberoya wa Matendo 17:11, waliochunguza kila siku kama mambo ndivyo yalivyo, hakuti mahali ulipoongeza.

## Hatua ya 8: Lisemee ukutani Jumamosi

Simama chumbani, weka simu irekodi, hubiri yote. Sikiliza. Dakika 25 mpaka 30 zinatosha kwa ibada nyingi. Ikifika 50, kata. Katia kwenye mifano na marudio, usikatie kwenye andiko.

Sikiliza pia unavyoongea. "Bwana asifiwe" ikiwa inakuja kila sentensi ya pili ni kwamba hujui kinachofuata, rudi ukajipange. Maneno magumu ya chuoni yabadilishe. Kama kuna mkalimani kwenda kilugha, mpe sentensi yako ya hatua ya 4 na andiko mapema, Jumamosi hiyohiyo, na ukiwa pale sema sentensi fupi umwachie nafasi.

Yule mtu mkweli umuulize swali moja tu: nimesema nini? Akikujibu kwa sentensi inayokaribia ile yako, lala. Akisema "ni nzuri sana, umegusa mengi", bado.

## Hatua ya 9: Siku yenyewe

Fika mapema ujaribu maiki. Spika zetu nyingi zinapiga kelele, ukisogeza mdomo sana na kupaza sauti watu wa mbele wanaumia na wa nyuma hawaelewi neno.

Somo lisome taratibu kama barua, maana ni barua. Subiri watu wafungue Biblia. Nimeona wahubiri wakilisoma mbio kama matangazo ya ndoa wakati hiyo ndo sehemu pekee ya mahubiri ambayo haina makosa.

Karatasi ya notsi iwe moja, maandishi makubwa. Uso uwe kwa watu, wote, mpaka vijana wa nyuma karibu na mlango. Mtoto akilia usimfokee mama yake.

Na ukisema namalizia, malizia. Usiseme mara ya pili.

## Hatua ya 10: Jumatatu, uliza

Usiulize "mahubiri yalikuwaje", utajibiwa umebarikiwa mtumishi, basi. Tafuta watu watatu tofauti, mmoja mzee, mmoja kijana, mmoja mama, uwaulize: andiko la jana lilisema nini, na kuna kitu umefanya au unapanga kufanya? Andika majibu kwenye daftari, hata yale yanayochoma.

Dalili kwamba imefanya kazi haziko kwenye shangwe za Jumapili. Ziko pale mtu anaposema "kumbe Paulo alikuwa kifungoni!", pale kijana anaporudi kuisoma Wafilipi mwenyewe, pale jumuiya inapopeleka kitu kwa familia ambayo haikuwa kwenye ratiba ya michango.

Wiki ya kwanza itakuchosha. Ukiona masaa sita ni mengi sana, punguza mambo mengine, na kama ratiba ya kanisa lenu inaruhusu, usihame kitabu. Jumapili ijayo mkipewa nafasi tena rudi Wafilipi 1:1-11, mazingira tayari unayajua, hatua ya 3 itakuchukua nusu ya muda, na wasikilizaji wako watakuwa wanawajua Lidia na yule askari wa gereza.